Kiraka Namba Nne

Ofisini walimwita Mzee Mstari, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka ishirini na sita alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, mmoja wa wale wanaosoma kitabu kizima kabla hakijapigwa chapa, rula chini ya mstari, kalamu nyekundu sikioni, wakiwinda herufi iliyodondoka na nukta iliyojialika yenyewe. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na barua ya shukrani yenye makosa mawili, akayasahihisha kabla hajamwonyesha mkewe. Kisha akakaa sebuleni. Akasoma maelezo ya dawa ya mbu, akasoma risiti za sokoni, akasoma kalenda ya mwaka uliopita. Mkewe alivumilia wiki mbili, ya tatu akamvuta binti yao pembeni. "Mwanangu, mtafutie baba yako kazi kabla hajaanza kunisahihisha mimi."

Binti walikuwa naye huyo huyo mmoja. Kazi yake wazazi waliitaja kwa majirani kwa majivuno makubwa bila kuielewa hata kidogo: anafungasha programu. Jirani mmoja alidhani anafunga maboksi ghalani, akawa anamsikitikia msichana aliyesoma vile.

Ngoja niieleze mimi, maana bila hivyo hamtaona mtu wangu alijikwaa wapi. Zipo programu za kompyuta zinazoitwa huria. Yeyote anaweza kuzichukua, kuzifungua akasoma ndani, akazibadili, akawapa wengine. Wanaoziandika wako mbali, kila mmoja na nchi yake, na wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Pale ofisini waliwaita watu wa juu, wala si kwa ukubwa. Wao wako kwenye chemchemi, sisi tunachota huku chini. Toleo jipya likishuka, ofisi inalipokea, inalikagua, inalirekebisha lifae hospitali na maktaba za huku kwetu, kisha inalifunga kama kifurushi na kulisambaza. Kila rekebisho waliita kiraka. Kiraka kilikuwa na faili lake dogo, na kichwani mwa faili mistari minne: nani ameandika, lini, kwa sababu gani, na kiondolewe lini. Msishangae huo mstari wa nne. Kiraka hakiwekwi kikae milele. Watu wa juu wakishaliziba tundu wenyewe, chako unakitoa.

"Baba, ni kazi ileile," binti alimwambia siku ya kwanza, akimvutia kiti karibu na chake. "Toleo likija, mashine inakuonyesha mistari iliyotolewa kwa nyekundu, iliyoongezwa kwa kijani. Wewe soma tu. Jiulize: huyu amebadili nini, kwa nini, na itatuumiza wapi."

"Na kalamu yangu?"

"Kalamu iache nyumbani, baba. Usije ukaniandikia kwenye kioo."

Kazi akaiweza. Ilimchukua mwaka mzima kuacha kushika kipanya kama anashika mende, lakini kusoma alijua. Vijana walikuwa wanaruka mistari, wanakimbilia mwisho, yeye alikwenda taratibu, midomo ikicheza, na mara tatu kwa wiki alikuwa anainua kidole na kusema, "Hapa pana jambo." Na kweli pakawa pana jambo. Ndipo wakampa hilo jina la Mstari. Baba na binti walikaa meza moja miaka minne, wakila chakula cha mchana kutoka bakuli moja, wakibishana kuhusu madirisha yafunguliwe au yafungwe.

Halafu binti akaugua. Wiki tatu tu. Sitaki kuzisimulia, na Mzee Mstari hajawahi kuzisimulia kwa mtu yeyote. Binti alizikwa siku ya Jumamosi, na Jumatatu ya wiki ya pili baba yake alikuwa kazini, kwenye meza ile ile, upande wake ule ule. Wenzake walitaka kukiondoa kiti cha marehemu, yeye akasema kiacheni, anawekea mkoba.

Sasa niwaambie kuhusu kiraka namba nne.

Hospitali zilikuwa zinatumia programu moja ya kupanga miadi ya wagonjwa. Mgonjwa anapangiwa siku na saa, mashine inachapa kadi ndogo, anaondoka nayo. Walioiandika wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi kwao ni nane, na kadi ilitoka imeandikwa Saa 8:00. Bibi yake binti, yaani mama mzazi wa Mzee Mstari, alipewa kadi hiyo. Akaisoma kama anavyoisoma mtu yeyote mwenye akili timamu. Akafika hospitali saa nane mchana, amevaa gauni lake la kutokea, akakuta daktari ameshaondoka na mfagizi anainua viti. Juu ya hayo, muuguzi akamgombeza. Bibi alirudi nyumbani amenuna siku mbili, na mjukuu akaenda kazini akaandika kiraka. Mistari kumi na moja: chukua saa, punguza sita, andika kwenye kadi. Nane ikawa mbili, kumi ikawa nne, na wazee wakaacha kugombezwa. Kwenye mstari wa kuulizwa kiondolewe lini, alijibu, "Siku watu wa juu watakapojifunza kusoma saa." Aliwaandikia pia watu wa juu, kwa adabu zaidi, wakamjibu kwamba wataliangalia. Miaka ikapita.

Alipofariki, vifurushi vya ofisi vilikuwa na viraka vyake tisa. Katika mwaka uliofuata, watu wa juu walikuwa wakiyaziba matundu yao moja baada ya jingine, na kila walipoziba, Mzee Mstari alikitoa kiraka cha mwanawe kwa mkono wake, akaandika sababu, akatia sahihi. Cha kwanza alikitoa bila shida. Cha tano alikwenda chooni kwanza akanawa uso. Cha nane kilipotoka kilibaki namba nne peke yake, na humo ndimo jina la binti yake lilipobaki, majina yote matatu, herufi kwa herufi, likienda katika kila kompyuta ya kila hospitali. Kuna asubuhi alikuwa anafungua faili lile kabla ya kazi, hafanyi kitu, analitazama tu, kisha anafunga.

Mimi sipendi hadithi ambazo mtu akifiwa anageuka malaika. Huyu hakugeuka. Alikuwa na kichwa kigumu na alianza kudanganya kidogo kidogo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kudanganywa.

Toleo jipya la ile programu ya miadi lilishuka siku ya Jumanne. Mistari iliyobadilika ilikuwa mia nane na kitu. Alianza saa tatu asubuhi, na kufikia saa tano hivi alifika mahali watu wa juu walipoongeza kitu kipya: lugha ya hospitali ikiwa ni hii yetu, saa ya kwenye kadi ipunguzwe sita. Hatimaye walikuwa wamejifunza kusoma saa. Walikuwa wameandika kwa namna yao, kwenye faili jingine kabisa, mbali na pale kiraka kinapokaa. Mashine hugoma pale tu mistari miwili inapogombania nafasi moja. Hapa haikuona ugomvi, ikakipachika kiraka bila neno.

Mzee Mstari alielewa. Nasema alielewa, na nasema sasa hivi, kwa sababu baadaye wapo waliotaka kumsitiri kwa kudai hakuona. Aliona. Alielewa kwamba saa itapunguzwa sita na wao, kisha ipunguzwe sita tena na mwanawe. Kidole kilikuwa kimeshainuka. Akakishusha.

Kesho, alijiambia. Huenda hicho kitu kipya kimezimwa, huenda mpaka mtu akiwashe. Nitajaribu kesho. Utaratibu ulikuwa kwamba kabla ya kutia sahihi mkaguzi achape kadi moja ya majaribio, aishike mkononi, aisome. Kuichapa ni kazi ya dakika mbili. Hakuichapa, kwa kuwa alijua itakachosema. Aliandika "Nimesoma", akaweka herufi za jina lake, akaenda kuchemsha chai. Kesho yenyewe ikaja na vifurushi vingine, na kesho kutwa hivyo hivyo, na kila alipolikumbuka alitafuta kazi ya kufanya. Nina chuki na neno kesho, nisamehewe.

Utaratibu ulitaka pia mkaguzi wa pili. Huyu alikuwa jamaa mmoja waliyemwita Kasuku, mwongeaji asiye na breki, lakini moyo wake mweupe. Kasuku aliona sahihi ya Mzee Mstari akacheka. "Akishapita huyu mzee, mimi nitafute nini? Chawa?" Akatia ya kwake, kifurushi kikaondoka kwenda hospitali arobaini na moja.

Hesabu ni rahisi, fanyeni wenyewe kwa vidole. Saa nane ya wageni, punguza sita, ni saa mbili. Ipunguze sita nyingine kwenye uso wa saa, unarudi pale pale kwenye nane. Kiraka alichokiandika binti ili bibi yake asisumbuke tena ndicho kilichorudisha usumbufu ule ule. Na hakuna aliyeshtuka, maana muuguzi alipotazama kioo aliona 08:00, akatazama kadi akaona Saa 8:00. Mmoja alikiri baadaye kwamba alifurahi kuona vinalingana. Siku tisa wagonjwa walifika wamechelewa, na ni wao waliogombezwa.

Siku ya kumi ilikuwa zamu ya fundi viatu.

Mzee Mstari hakumjua fundi viatu akiwa hai. Alikuja kumjua kwenye karatasi: mtu wa miaka hamsini na nane, mwenye kibanda karibu na stendi, figo zimekufa zote mbili, damu yake inasafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki. Walimbadilishia zamu, wakampa kadi mpya, Saa 8:00. Alifika saa saba na nusu mchana, amewahi, amebeba ndala na shuka lake. Akaambiwa mashine alipewa mwingine tangu asubuhi baada ya yeye kutotokea. Aje kesho mapema. Hakubisha. Alisema tu kwamba kadi yake inasema hivi, wakamwambia baba, kila mtu ana maneno ya kadi. Kesho yake mapema alikuwa ameshakufa.

Barua ya hospitali ilipofika, mkuu wa ofisi alimwita Mzee Mstari chumbani kwake. Mkuu alikuwa mama mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake mezani kabla ya kusema jambo zito. Siku ile alizipanga mara mbili. Alimwomba atafute kosa liko wapi. Mzee Mstari hakuwa na cha kutafuta, lakini alikwenda mezani kwake akakaa dakika kumi mbele ya kioo ili aonekane anatafuta. Kisha akakitoa kiraka namba nne, akachapa kadi ya majaribio, ikatoka Saa 2:00, na kifurushi kipya kikaenda hospitali zote saa hiyo hiyo. Kukitoa kulichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

"Sasa tuna taarifa ya kuandika," Mkuu alimwambia aliporudi chumbani. "Hospitali zote zinataka kujua kosa limetoka wapi, ili wabandike ukutani, wafanyakazi wasome. Nimefikiri niandike hivi: kosa limetokana na kiraka namba nne, kilichoandikwa na..." Akataja jina la binti. Alilitaja taratibu, kwa heshima. "Si uongo, mzee. Jina ndilo lililo kwenye faili."

Mzee Mstari alitazama kalamu.

"Marehemu hafukuzwi kazi," Mkuu aliendelea. "Wewe una miaka mitatu ufike kustaafu. Mkeo anakutegemea. Niambie, nani ataumia?"

Hakusema kitu. Mkuu akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo, na kusema kweli ilikuwa ndiyo. Hapa ndipo mimi naona haya kwa niaba yake. Kwa kulinda jina lile liendelee kuwepo alikuwa ameua mtu, na sasa kwa kujilinda mwenyewe alikuwa analipaka tope jina lile lile. Taarifa ikaondoka kwenda hospitali zote arobaini na moja. Nyumbani mkewe alimuuliza mbona chakula hakipiti, akasema mambo ya kazini tu.

Siku ya nne akaja binti wa fundi viatu.

Alikuwa na umri kama wa binti yake, pengine mwaka mmoja zaidi. Alivaa kanga nyeusi kichwani na viatu vya kiume vilivyomzidi, vimeshonwa vizuri sana pembeni. Mkononi alishika ile taarifa, ameibandua ukutani hospitalini, gundi bado iko kwenye pembe. Alisimama katikati ya chumba, mbele ya meza zote, akasema, "Nataka kuonana na huyu." Akalisoma jina. Majina yote matatu, kwa sauti.

Mwaka na miezi hakuna mtu aliyelitamka jina lile kwa sauti ndani ya chumba kile. Kasuku, ambaye huwa haishiwi maneno, aliinamisha uso.

Mkuu alitoka chumbani kwake. "Dada yangu, pole sana kwa msiba. Huyo hayupo."

"Hayupo. Ameenda kula?"

"Hayupo kazini tena."

"Mmemficha," binti yule alisema, wala hakupandisha sauti. "Sikuja kushtaki. Nataka anitazame tu. Baba alikaa kwenye benchi muda wa saa mbili nzima na ndala zake mkononi, anawaomba radhi kwa kuchelewa. Nataka nimweleze hilo. Kama hataki kutoka, basi mwambieni nimemlaani. Nimemlaani yeye, na baba yake, na tumbo lililomzaa."

Mzee Mstari akasimama. Kiti kilikwaruza sakafu, wote wakageuka.

"Baba yake ni mimi," alisema. "Yeye ni marehemu. Ana mwaka wa pili kaburini."

Binti yule alimtazama, akaitazama karatasi, asijue lipi la kuamini.

"Hakukosea. Alichoandika kilikuwa sawa, miaka yote hiyo kilikuwa sawa. Kilitakiwa kuondolewa mwezi uliopita, na wa kukiondoa nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilisoma nikaona, na sikukiondoa."

"Ulisahau?"

Kasuku alimkodolea macho, akimwomba aseme ndiyo. Mkuu vilevile. Chumba kizima kilikuwa kinamsukuma kwenye neno hilo.

"Hapana. Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Kilikuwa na jina lake."

Machozi yalikuwa yanamshuka binti wa fundi viatu na hakuyajali. "Baba yangu naye alikuwa na jina," alisema. Kisha, akiikunja karatasi katikati, "Na siku nne umeniacha namlaani maiti."

Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kile cha mkoba, akalia akiwa ameinamia magoti. Mzee Mstari alibaki amesimama kando yake, mikono haijui pa kukaa. Hakumgusa. Hakuomba msamaha, maana aliona kuuomba ni kumtwisha yule mtoto mzigo mwingine. Mwishowe binti yule alijifuta kwa ncha ya kanga, akainuka, akaondoka bila kuaga, na vile viatu vilisikika kwenye ngazi mpaka chini.

Mchana huo Mzee Mstari alifutiwa ruhusa ya kukagua, akaambiwa akae nyumbani mpaka kamati itakapomwita. Hakulaumu. Kabla ya kutoka aliomba jambo moja, aandike taarifa mpya yeye mwenyewe. Aliandika mistari mitano. Kiraka kilikuwa sahihi. Mwandishi wake hana kosa. Mkaguzi aliona hitilafu akaipitisha kwa makusudi. Mkaguzi ni fulani, akaweka jina lake. Tafadhali ondoeni taarifa ya kwanza. Mkuu aliisoma, akatoa kalamu, akairudisha mahali pake. "Nitaituma," alisema, "lakini mzee, unajua watu. Watasoma ya kwanza tu. Ya pili itaishia kwenye kompyuta."

Nyumbani alimweleza mkewe yote, amesimama mlangoni mwa jikoni. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Nilidhani ni mimi peke yangu ninayemlilia," alisema. "Kumbe wewe ulikuwa unamfuga." Kisha, "Na ukakubali jina la mwanangu libandikwe ukutani kama la mwizi."

Hakusema naye tena kwa siku nyingi. Lakini kila asubuhi shati lake lilikuwa limepigwa pasi, limetundikwa kwenye kiti. Alikuwa ameshasikia anakokwenda.

Mzee Mstari alikuwa anakwenda kwenye zile hospitali. Zote arobaini na moja. Alichapa nakala za ile taarifa ya pili, akanunua gundi, akawa anapanda basi kila siku, mbili leo, tatu kesho. Anafika, anasalimia, anaomba kuonyeshwa ubao wa matangazo, anabandua ya kwanza, anabandika ya kwake. Wengine walimsaidia. Wengine walimwambia asubiri, akasubiri kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Mlinzi mmoja alimdhania mganga wa kienyeji anayebandika matangazo ya dawa, akamfukuza, ikabidi arudi kesho yake na kitambulisho. Katika hospitali ya kumi na tisa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, pembeni ya jina la binti yake, neno moja: muuaji. Alilibandua tangazo hilo polepole kuliko mengine yote, kwa ukucha, asiache hata kipande. Alikwenda nalo nyuma ya jengo akalichana, akakaa chini kwenye saruji mpaka akaweza kusimama.

Hospitali alikokuwa akitibiwa fundi viatu aliiacha ya mwisho. Si ujanja, alikuwa anaogopa. Alipofika alikuta ubao uko wazi. Karatasi ilichukuliwa na binti wa marehemu, wakamwambia, na nakala nyingine iko masijala, kwenye faili la kifo. Akateremka masijala.

Karani wa masijala alikuwa mzee wa makamo yake, mtu nadhifu mwenye koti la kazi, chumba chake kimejaa mafaili mpaka darini na yote yamesimama wima. Alimpa kiti. Alilitoa faili bila kuuliza mengi, akalifungua mezani, na karatasi ilikuwa pale, ya tatu kutoka juu, imepigwa mhuri juu ya maandishi.

"Ya kwako nitaiweka nyuma yake, haina shida," karani alisema. "Lakini hii ya kwanza haitoki. Faili la kifo likishapigwa mhuri, karatasi haitoki hata aje waziri."

"Naomba tu uifute hapa. Mstari mmoja."

"Haifutwi, ndugu yangu. Sheria ya humu ndani ni hiyo."

"Nakusihi."

Karani alimtazama vizuri. "Kuna nini humo? Mimi huwa sisomi, huwa naweka tu."

Mzee Mstari alitaka kueleza. Alikuwa ameeleza mara arobaini na maneno aliyajua kwa moyo, ila siku ile kilichotoka kilikuwa kidogo. "Kuna jina la binti yangu," alisema. "Amefariki."

"Ahaa," alisema karani, na uso ukamlainika. Alilifunga faili kwa mikono miwili, akazifunga kamba zake, akaliinua kulirudisha kwenye rafu. "Ulitaka uwe nalo la kumbukumbu. Nimekuelewa, pole sana. Na mimi nimezika. Basi usiwe na hofu, mzee mwenzangu. Haya mafaili hayachomwi wala hayatupwi. Hata miaka hamsini ijayo, atakayekuja hapa atalikuta jina la mwanao, herufi kwa herufi."

Mzee Mstari alishukuru, akachukua mkoba wake, akapanda ngazi kwenda kutafuta basi.